TAHADHARI kwa wenye malori: wanauza boksi la injini kutibu ugonjwa wa waya

Ndugu wamiliki, madereva na mafundi umeme, someni hadi mwisho kabla hamjatuma hela ya boksi la injini (ECM, yaani kompyuta inayoongoza injini) kwa mtu yeyote. Anayewindwa hasa ni lori lililokwama njiani na mzigo wa watu, iwe njia ya Tunduma au ya Malaba, mwenye gari akiwa mbali na haraka ikiwa kubwa.

Mchezo unachezwa hivi. Gari linapoteza mawasiliano: mishale ya dashibodi inalala, taa ya cheki injini inawaka, pengine injini inakosa nguvu au haiwaki kabisa. Anaitwa mtu mwenye laptop. Anachomeka, mashine inaandika kwamba haiioni injini, naye anamwonyesha dereva skrini: "Boksi halijibu, limekufa." Boksi lingine analo, limeshapigwa programu, ni kuchomeka na kuondoka. Sharti lake ni hela yote itangulie kwa simu, na boksi la zamani abaki nalo kwa sababu bei aliyotaja ni ya kubadilishana.

Boksi jipya linafungwa, gari linaongea, kila mtu anaamini. Hapo ndipo mtego ulipo. Ili kubadilisha boksi ni lazima uchomoe konekta zake kubwa na kuzirudisha. Kitendo hicho peke yake kinaweza kukwangua kutu kwenye pini na kurudisha mguso uliopotea. Zaidi ya hapo, fundi mjanja atakuwa ameshafunga waya uliokatika au kubadilisha fyuzi bila kukwambia. Wewe umelipia boksi, yeye ameondoka na boksi lako lisilo na kosa, na hilo ndilo "lililopigwa programu" atakalomuuzia mwenzako.

Kwa hiyo sharti la kwanza, kabla ya mengine yote: gari likishaongea na boksi jipya, rudisha boksi la zamani palepale, mbele ya macho yako, kabla ya malipo ya mwisho. Likiongea na la zamani pia, hukuhitaji kununua kitu. Fanya hivyo kabla boksi jipya halijaoanishwa na funguo au kinga ya wizi ya gari, maana baada ya hapo kurudi nyuma kunakuwa kugumu. Muuzaji anayekataa jaribio hili ameshajijibia.

Sasa tuingie kwenye vipimo, kwa sababu utapeli huu unaishi kwa kutojua. Malori mengi ya Marekani kama Freightliner na International, na mengine mengi ya kisasa, hutumia mtandao wa J1939. Ni waya mbili zilizosokotwa pamoja, kwa kawaida wa njano ukiwa CAN ya juu na wa kijani CAN ya chini (CAN ndiyo njia hiyo ya mawasiliano ya moduli, yaani maboksi ya kompyuta ya gari). Injini, breki za ABS, gia na dashibodi vyote vinapeana taarifa humo kwa kasi ya kilobiti 250 kwa sekunde, au 500 kwenye magari mapya zaidi. Kila mwisho wa njia hiyo kuna resista ya omu 120. Moduli moja ikiwa na shoti inaweza kuzinyamazisha nyingine zote, na mashine yako itasema injini haijibu wakati injini haina kosa lolote.

Kodi (namba ya kosa) ya SPN 639 inayoonyeshwa kama ushahidi wa boksi bovu inataja mtandao wenyewe wa J1939; SPN hutaja sehemu yenye shida, FMI hutaja aina ya kosa. Ikija na FMI 9, maana yake ujumbe haufiki kwa wakati. Haisemi boksi limekufa. Kodi inayonyooshea kidole boksi lenyewe kwenye injini za Cummins ni SPN 629 FMI 12, ambayo Cummins wenyewe huiita 111, na hata hiyo haitoshi kununua boksi kabla ya kupima umeme unaoingia na ethi yake (waya wa hasi).

Swali la kwanza halihitaji mashine: je, injini inawaka na kukubali mafuta? Kama inawaka, boksi lina umeme na akili yake inafanya kazi, maana bila boksi hizi injini hazipigi sindano hata moja. Kinachoshukiwa ni njia ya mawasiliano. Inawezekana sehemu ndogo ya mawasiliano ndani ya boksi imeungua, lakini hiyo ni ya mwisho kwenye orodha. Swali la pili: je, mashine inaiona ABS au dashibodi? Ikiziona hizo lakini injini haionekani, nenda kwenye umeme wa boksi na tawi lake la waya. Isipoona chochote, anzia kwenye soketi ya kupimia.

Soketi ya duara yenye pini 9 ina herufi. A ni hasi, B ni chanya ya betri, C ni CAN ya juu, D ni CAN ya chini. F na G ni za mtandao wa zamani wa J1708, wenye kasi ya biti 9600 tu kwa sekunde. Hapa pana ujanja mwingine: injini za zamani kama Detroit Series 60 na Cummins N14 huongea na mashine kwa njia hiyo ya zamani. Mtu akichagua J1939 kwenye programu yake, lazima iandike "hakuna injini", na atakuonyesha maandishi hayo kwa uso mkavu. Mwambie abadilishe itifaki (aina ya mtandao kwenye programu) mbele yako. Pia soketi ya kijani ni ya kilobiti 500, nyeusi ya 250, na kebo nyeusi haiingii kwenye soketi ya kijani. Anayelazimisha hajui kazi.

Pima A na B kwanza. Upate volti za betri kamili, 12 au 24 kulingana na gari. Usiridhike na multimita peke yake, kwa sababu waya uliobaki na uzi mmoja bado utaonyesha volti nzuri. Weka balbu ya wati 21 kati ya pini hizo. Ikiwaka hafifu, waya, fyuzi au ethi imekula kutu.

Kisha zima swichi, kata umeme kwenye betri, subiri dakika kadhaa ili moduli zilale, halafu pima omu kati ya C na D. Omu 60 ni sahihi, maana resista mbili za 120 zimekutana. Omu 120 ina maana resista moja imekosekana au waya umekatika mahali. Omu 40 ina maana kuna resista ya tatu, na mara nyingi hiyo imeongezwa na fundi aliyefunga kifaa. Karibu na sifuri ni shoti kati ya waya mbili. Omu nyingi mno ni kwamba waya umekatika karibu na soketi. Kati ya C na A, na D na A, usipate kitu kinachokaribia sifuri.

Rudisha betri, washa swichi bila kupiga starta, pima volti. C kwa A iwe juu kidogo ya 2.5, kama 2.6 au 2.7. D kwa A iwe chini kidogo, kama 2.3 au 2.4. Ukijumlisha hizo mbili upate karibu 5. Zote zikikaa 2.5 kamili bila kutikisika, hakuna moduli inayoongea. Moja ikifikia volti za betri, imegusana na waya wa umeme. Moja ikiwa sifuri, imegusana na chesisi.

Ukipata vipimo vibaya, chomoa moduli moja moja huku multimita ikiwa imeunganishwa. Anza na kilichoongezwa baadaye: traka ya GPS, kipima mafuta, kisimamisha gari cha mbali. Kwa kweli hapa ndipo makosa mengi yanapolala. Mfungaji huchuna waya za CAN, anazungusha za kwake juu, anafunga tepu, na baada ya mvua na vumbi kiungo kinageuka kijani. Wengine huvuta tawi refu la mita kadhaa, wakati kiwango cha awali cha J1939 kinaruhusu tawi la mita 1 tu kutoka njia kuu ya mita 40. Ondoa traka kabisa, pima upya. Kumbuka baadhi ya moduli zina resista ndani, kwa hiyo ukizichomoa na kusoma 120 usishtuke.

Baada ya hapo kagua konekta za boksi la injini. Mafuta ya injini hupenya kwenye sensa ya presha ya oili iliyochoka, yakapanda ndani ya waya hadi kwenye boksi. Maji huingia baada ya kuosha injini kwa mashine ya presha. Waya husuguliwa na mabano nyuma ya injini na penye bawaba ya kabini inayoinamishwa. Tikisa waya hizo huku mwenzako anaangalia multimita. Usichokonoe pini kwa ncha nene ya multimita, kwa sababu tundu linapanuka na unazaa kosa jipya linalokuja na kuondoka. Pima umeme wa boksi na balbu ikiwa imewashwa, na upotevu wa volti kwenye ethi usizidi nusu volti. Fyuzi za boksi kwenye malori mengi ziko jirani na betri, zinakula asidi, na hakuna anayezikumbuka.

Tahadhari ndani ya tahadhari: Scania, Volvo na Actros zina mitandao zaidi ya mmoja, na soketi ya kupimia si lazima iwe imeungana moja kwa moja na waya wa injini. Actros za zamani zina njia yao kati ya boksi la injini, MR, na lile la kabini, FR. Usichukue zile omu 60 ukazilazimisha huko bila mchoro wa waya wa gari husika. Kwenye soketi ya pini 16, CAN ya juu ni namba 6, ya chini ni 14, chanya ni 16, ethi ni 4.

Kuhusu adapta (vifaa vya kuunganisha laptop na gari) za bei ya kutupa zinazouzwa kama Nexiq, INLINE au VOCOM pamoja na programu iliyovunjwa: nyingi ni nakala. Zinaweza kusoma kodi leo, kesho zinakataa, na fundi analaumu boksi. Mtu akikuletea habari ya "haijibu", mwombe kwanza achomeke kwenye lori lingine linalofanana na hilo. Isipojibu huko pia, kosa ni lake. Na usikubali kabisa mtu apige programu mpya kwenye boksi lisilo na kosa kwa adapta ya aina hiyo na betri zilizochoka. Ikikatika katikati, boksi linaweza kufa kweli, na hapo ataliuza lile alilokuja nalo.

Boksi hufa, hilo hatulipingi. Linaungua kwa kuchomelea chesisi bila kutoa betri na kuchomoa konekta, kwa kuamsha gari la volti 12 kwa betri za volti 24, kwa maji. Ukifika huko, usinunue kwa picha. Programu ya boksi imefungwa na namba ya injini, nguvu yake na vifaa vyake. Cat C15 na baadhi ya injini za Weichai zenye mfumo wa Bosch zina kodi za sindano (namba za urekebishaji wa kila sindano) zinazoingizwa kwenye boksi, na boksi lenye kodi za gari lingine linaweza kutetemesha injini na kutoa moshi. Boksi la Cat lenye nywila ya mmiliki wa kwanza litakuzuia kubadilisha mipangilio. Taka video ya boksi hilohilo likiwa mezani, lebo yake ikionekana, na skrini ikionyesha namba ya boksi na namba ya injini. Lebo iliyokwanguliwa, skrubu zilizochubuka au gundi mpya kwenye mfuniko ni sababu ya kuondoka.

Piga picha ya lebo ya boksi lako kabla halijafunguliwa, na usiliachie hata kama umeambiwa limekufa. Lipa sehemu, malizia baada ya gari kutembea na mzigo. Risiti iwe ya EFD kwa Tanzania au eTIMS kwa Kenya, na namba ya boksi iandikwe humo. Umeshatapeliwa? Peleka taarifa polisi, ukiwa na kumbukumbu ya muamala wa simu mkononi. Namba ya tapeli Tanzania iripoti kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, na spea bandia ipeleke Tume ya Ushindani, FCC. Kenya ni Anti-Counterfeit Authority. Wenye picha za lebo za maboksi yaliyochukuliwa, ziwekeni hapa chini bila majina ya watu, ili anayeuziwa leo alinganishe namba kabla hajalipa.