Nyumba ya mawe inayouzwa Mkomani, Lamu: zidaka nzima, plasta ya kubandua

Picha za tangazo ni jiko jipya, bafu la vigae na sola paani. Usianzie huko. Anza na ukuta wa chini, upande wa kiwanda, yaani ua wa ndani, kimo cha goti.

Ukuta ni wa matumbawe na chokaa, unene wake unapita nusu mita, na ndio unaoweka ubaridi ndani saa nane mchana bila feni. Unyevu wa ardhini hupanda humo, ukatokea kwenye chokaa na kukauka. Waliokarabati wameupiga plasta ya sementi na rangi ya mafuta mpaka kifuani. Unyevu umekosa pa kutokea, umezidi kupanda, na chumvi inaisukuma plasta. Igonge kwa kifundo cha kidole: inalia kama debe tupu. Ipanguse, unga mweupe unabaki kiganjani. Kupaka rangi upya ni kutupa pesa. Bandua sementi yote, uache ukuta ukauke miezi kadhaa, ndipo upige chokaa na mchanga, moja kwa tatu, tabaka nyembamba nyembamba. Niru, ile chokaa laini ya kung'arishia, ije mwisho.

Ghorofani kuna raha zaidi. Zidaka, vile vishubaka vya mapambo ukutani, ni nzima, hakuna aliyezitoboa. Waya za umeme zimepita ndani ya paipu juu ya uso wa ukuta, na ingawa hazipendezi machoni, ndivyo inavyotakiwa. Vyumba ni virefu lakini upana ni mita 2.6 tu, maana urefu wa boriti za mkoko zinazobeba dari ndio ulioamua. Kitanda cha futi sita kwa sita kitakuachia njia ya sentimita 80 hivi.

Bafu ndilo la kuogopa. Limekaa juu ya dari ya boriti, na maji yanayopenya kwenye viungo vya vigae huishia kwenye ncha za boriti zilizozikwa ukutani, ambako kuoza hakuonekani. Ukiwa chumba cha chini yake, chomeka bisibisi pale boriti inapoingia ukutani. Zile mbili za pembeni zinazama kama mkate: za kubadilishwa hizo. Na tangi la lita 1,000 limewekwa katikati ya dari hiyo hiyo, yaani tani nzima likijaa! Lihamishiwe juu ya ukuta.

Kwenye makaratasi, dai kibali cha ukarabati uliofanyika, kwani Mji wa Kale wa Lamu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001 na mtu habadilishi nyumba apendavyo. Asiye raia wa Kenya hawezi kumiliki ardhi zaidi ya miaka 99, kwa kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010.

Unapopiga hesabu ya ukuta, usisahau punda. Gari halipiti vichochoroni, kwa hiyo kila gunia la chokaa linalipiwa tena kutoka gatini mpaka mlangoni, na kifusi cha sementi hutoka kwa njia hiyo hiyo. Gharama hizo zikatwe kwenye bei kabla hujaweka sahihi.