Chuo nilikichagua kwa picha, sikuuliza habari ya ufunguo

Yamepita muda sasa, lakini nikikumbuka lile beseni bado damu inachemka.

Wakati natafuta pa kusomea uzamili wa uchongaji, ule wa miaka miwili, nilitazama picha za karakana kama mtu anayechagua mchumba. Tanuri kubwa, winchi ya kunyanyulia mawe, mahali pa kuyeyushia bronzi. Nikaridhika. Sikuuliza ufunguo anao nani na anafunga saa ngapi.

Muhula wa pili, au labda wa tatu, nilikuwa nimefinyanga kichwa cha udongo kwa wiki kadhaa. Upande mmoja wa kalibu, lile ganda la plasta ya jasi la kunakili umbo, ulishakauka, nikakoroga plasta ya upande wa pili, beseni zima. Aliyewahi kushika plasta anajua: ikishakorogwa haina simile. Dakika chache ni uji, mara ni ugali, mara inapata joto na kuwa jiwe, na ukiongeza maji umeiharibu kabisa. Msimamizi wa karakana akaingia, salamu hakuna, akazima taa.

“Muda umekwisha.”

“Bwana, nimeshakoroga. Naomba robo saa tu.”

“Plasta si mgonjwa. Itakusubiri kesho.”

Mtu aliyeishi na plasta maisha yake yote! Alinitoa hata kabla sijafunika udongo kwa kitambaa kibichi. Nilirudi baada ya siku za mapumziko. Udongo ukikauka unasinyaa, kiunzi cha waya kilichomo ndani hakisinyai, kwa hiyo shingo ilikuwa imepasuka kuanzia sikioni hadi chini. Nikaenda ofisini kulalamika, nikasomewa kanuni. Rodin, yule mchongaji mkubwa wa Kifaransa, alikataliwa na chuo cha sanaa cha Paris mara tatu. Siku ile nilimwonea wivu.

Na miaka miwili yenyewe si miaka miwili. Miezi ya mwanzo unajifunza vifaa na kuzoeana na walimu, ya mwisho inaliwa na maonyesho na maandishi. Kazi unaifanya hapo katikati, na hapo katikati ndipo taa zinapozimwa. Msiende. Sitaki hata kukitaja.

Ingawa, nisiwe mwongo. Tindo za karakana ile zilikuwa kali kila asubuhi, na aliyezinoa ni huyohuyo. Usingekata granite mbele yake bila barakoa, angekunyang’anya mashine. Rafiki yangu alisoma kwingine, karakana wazi usiku kucha, wanakata mawe peke yao kwenye vumbi, na vumbi lile ni la kuua mapafu. Kwa hiyo kufunga, sawa, afunge. Pengine ningeulizwa leo ningekwenda tena palepale. Lakini robo saa? Hata salamu?

Lile bonge la plasta nilivunja beseni kulitoa. Nikalichonga hivyo hivyo, na mviringo wa beseni nikauacha chini, nikaliweka kwenye maonyesho ya mwisho. Walimu walilisifu kuliko kazi zangu zote, jambo lililoniudhi upya. Msimamizi naye alikuja, akalizunguka mara mbili, akainama kuutazama ule mviringo.

“Beseni langu liko wapi?”

Nikamwambia arudi kesho.