Ryzen 5 5600, Core i5-12400F au Ryzen 5 7600: prosesa ipi ya gemu?

Ukizunguka maduka ya Luthuli na Moi Avenue, Nairobi, angalia usiuziwe Ryzen 5 5600G badala ya 5600. Majina yanafanana, kazi hapana. 5600 ina kashe ya L3 (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 32 na PCIe 4.0 (njia inayounganisha kadi ya grafiki), 5600G ina MB 16 na PCIe 3.0. Hiyo G inamfaa asiye na kadi ya grafiki, basi.

Core i5-12400F ina viini (cores) 6 na nyuzi (threads) 12, sawa na 5600, na kwenye gemu zinakaribiana mno. Bei ya bodi mama (motherboard) ndiyo iamue. F maana yake haina grafiki ya ndani: ukiwasha bila kadi, skrini inabaki nyeusi, na mtu hudhani imeungua.

Ryzen 5 7600 inazishinda zote mbili, ila inadai bodi yenye soketi ya AM5 na ramu ya DDR5. DDR4 uliyo nayo haiingii. Faida yake ni kwamba baadaye unaweza kupachika 7800X3D, yenye kashe ya MB 96, kwenye bodi ileile.

5600 ya mkono wa pili igeuze kwanza: pini ziko kwenye prosesa yenyewe, na moja ikipinda kompyuta huenda isiwake. Bodi ya zamani ya B450 huhitaji BIOS mpya (programu ya kuwashia bodi) ili iitambue 5600. Muuzaji aisasishe kabla hujalipa. Ramu weka vijiti 2 vya GB 8, si kimoja cha 16, kisha uwashe XMP kwenye BIOS, ili ramu ifanye kazi kwa kasi yake kamili. Kijiti kimoja kitakunyima fremu nyingi kuliko tofauti ya 5600 na 12400F.