Kamera ya mtego na mpapai wangu: miezi saba ya kuitumia hapa Muheza

Mapapai yangu yalikuwa yanaliwa usiku. Hayaangushwi, yanaliwa yakiwa juu ya mti: asubuhi nakuta tundu ubavuni na mbegu nyeusi zimetapakaa kwenye magimbi chini. Mama mkwe alisema popo. Jirani akasema ngedere, na mimi najua ngedere hulala usiku kama sisi. Halafu likaanza kutajwa jina la mtoto wa nyumba ya tatu, hapo nikaona bora nitoe hela. Mtoto wa watu asibebeshwe wizi wa papai ambalo hakuna aliyemwona akilichuma.

Nilinunua kamera ya mtego Kariakoo, mwezi wa nne, kwa shilingi 185,000 pamoja na memori kadi ya GB 32. Ni kiboksi cha plastiki cha kijani na kahawia. Unakifunga kwa mkanda kwenye mti, unakiacha. Mnyama akipita mbele yake kinapiga picha chenyewe, mchana kwa rangi, usiku nyeusi na nyeupe. Ni aina ile ile wanayotumia watafiti wa wanyamapori, ila yangu ni ya bei ya chini.

Siku mbili za kwanza ilipiga picha 614. Zote za jani la mgomba.

Nilikaribia kuirudisha, na nadhani wengi wanaoilaumu huishia hapo. Kamera hii haiangalii kama jicho linavyoangalia. Chini ya lenzi kuna kijicho cheupe, na kazi yake ni kuhisi joto linalosogea. Jani lililopigwa na jua likatikiswa na upepo, kwake ni mnyama. Ndege naye, manyoya yake yanazuia joto la mwili lisitoke nje, kwa hiyo saa 8 mchana, hewa yenyewe ikiwa imechemka, anaweza kutua mbele yake asihisiwe kabisa. Nilikaa barazani nikamtazama shorewanda akioga kwenye beseni dakika nzima, nikaenda kufungua kadi, hakuna hata picha moja. Asubuhi, kuanzia saa 12:30 mpaka saa 3 hivi, kabla joto halijapanda, haimkosi.

Basi nikafyeka majani yaliyokuwa mbele, nikaihamisha kutoka upande unaotazama mashariki, maana jua la asubuhi lilikuwa linaingia moja kwa moja kwenye lenzi, nikaielekeza kusini, mita mbili kutoka kwenye mpapai. Usiku wa tatu nikampata mwenyewe.

Ni komba. Sisi watu wa pwani tunamtaja komba kila mtu akilewa, kwa kuwa hupanda minazi kunywa tembo kwenye vibuyu vya mgema, lakini mimi sikuwa nimewahi kuuona uso wake. Amekumbatia papai kwa mikono miwili, vidole virefu kama vya mtu, mkia mnene wa manyoya unaning'inia, mrefu kuliko mwili, na macho yanawaka kama sarafu mbili. Kumbe sauti niliyokuwa naisikia usiku kama mtoto anayelia ni yake. Asubuhi hiyo hiyo niliichukua simu nikaenda nyumba ya tatu. Mama yake aliitazama ile picha, akaniomba nimtumie, akawapelekea na wengine. Kwa hilo peke yake hela yangu ilisharudi.

Picha za mwanzo za usiku zilikuwa na kasoro moja. Mnyama akiwa karibu, taa ya kamera inamchoma, uso unatoka mweupe mtupu kama karatasi. Dawa yake ni plasta nyeupe ya hospitali, ile nyembamba ya karatasi: nilibandika vipande viwili juu ya nusu ya vitaa, mwanga ukapoa, manyoya yakaanza kuonekana unywele kwa unywele.

Kwa ndege tatizo ni jingine. Lenzi haivutiki, imefungwa umbali mmoja tangu kiwandani, na chochote kilicho ndani ya mita moja na nusu kinatoka na ukungu. Ndege mdogo akikaa mbali hivyo anaonekana kidoti. Nilichofanya ni kuchukua kioo kimoja cha miwani ya kusomea ya +1, ya kizee iliyovunjika mkono, nikakibandika mbele ya lenzi. Sasa kinachotoka vizuri ni kile kilicho kama sentimita 75. Angalizo: kioo kifunike lenzi tu, kisiguse kile kijicho cheupe. Joto lile halipiti kwenye kioo, na ukikifunika kamera inakuwa kipofu. Ndiyo maana pia usijaribu kuiweka ndani ya nyumba ipige kupitia dirishani.

Kwa mpango huo niliielekeza kwenye ua la mgomba, na chozi wakaja. Nina picha moja ambayo nimeisafisha na kuiweka ukutani: dume, kijani cha kumeta, mshipi wa zambarau kifuani, mdomo wake uliopinda umezama wote ndani ya ua na mguu mmoja umeng'ang'ania ganda lake jekundu. Miaka yote nimekuwa nikipita chini ya migomba hiyo na ndoo, nikimwona kama kivuli tu. Kwenye papai la mchana nao huja kuzumburu, wale wenye mkia mrefu na shungi, wananing'inia kwa miguu kama nguo kwenye kamba.

Mambo yasiyonifurahisha yapo. Inakula betri nane ndogo, zile za saa ya ukutani, na za bei rahisi za dukani zilikufa kwa siku nne. Nilinunua za kuchaji na chaja yake, shilingi 48,000 nyingine ambazo muuzaji hakunitajia. Sisimizi waliingia chini ya kifuniko wakataga. Tangu hapo napaka mafuta ya mgando kwenye mkanda. Na boksi linaandika megapikseli 36. Sio kweli. Kamera inaikuza tu picha ndogo ili faili liwe kubwa, kadi inajaa na hakuna kinachoongezeka. Nimeishusha mpaka 8, picha ni zile zile.

Jambo jingine, igeuzeni mbali na njia. Wiki ya pili nilimkuta humo shangazi mmoja akikatiza uani na khanga ya kuoga. Nikaifuta palepale na kumwambia, na kamera nikaihamishia nyuma ya jiko.

Mwisho wa mwezi wa tisa, saa 5:40 usiku, komba yule yule alirudi, namjua kwa sikio lake lililochanika. Safari hii ana kitu mdomoni. Nilidhani ni panya. Nilipoikuza picha nikaona ni mtoto wake, kajikunja, macho yamefumba. Picha inayofuata, dakika moja baadaye, mtoto amewekwa kwenye tawi la mfenesi na mama yuko kwenye papai.

Ukienda kununua, mwambie muuzaji aifungue palepale, weka betri zako, pita mbele yake hatua tano, kisha muombe akuonyeshe picha kwenye kioo chake. Uliza taa zake za usiku ni za 850 au 940, namba zinazotaja aina ya mwanga. Za 850 zinamulika mbali zaidi lakini zina wekundu kidogo unaoonekana; za 940 hazionekani kabisa, na kwa uani ambako mnyama yuko mita mbili tu, chukua 940. Mimi naipa nyota nne kati ya tano.