Uzoefu wangu: kusikiliza podikasti kwa AntennaPod nikiwa Mwanza, na kipindi ninachojiandaa kukianzisha

Kwa mtu anayeishi Mwanza na anayependa kusikiliza podikasti bila bando lake kuisha kabla ya wakati, programu iliyoniridhisha kuliko zote nilizojaribu ni AntennaPod. Sababu kubwa ni kwamba inapakua kipindi kizima, inakihifadhi kwenye simu, na baada ya hapo haidai mtandao tena mpaka nitakapohitaji kipindi kingine. Mimi huandika makala kuhusu maisha ya kando ya Ziwa Victoria, na hadi sasa kazi yangu imekuwa ya maandishi matupu. Podikasti ndizo zilizonitia hamu ya kuingia kwenye sauti. Kwa hiyo naipima programu hii nikiwa msikilizaji, na papo hapo nikiwa mtu anayejiandaa kutengeneza kipindi chake mwenyewe.

AntennaPod ni ya simu za Android. Ni ya bure, haikuwekei matangazo yake, na haikulazimishi kufungua akaunti. Imekuwapo tangu mwaka 2012, inaendelezwa na watu wanaojitolea, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuukagua. Mwenye iPhone hataipata, na vipindi ambavyo kampuni fulani imevifungia ndani ya programu yake pekee havifikiki humu, kwa kuwa AntennaPod inategemea mlisho wa RSS ulio wazi kwa watu wote.

Mlisho huo ndio moyo wa podikasti tangu utaratibu huu ulipopata jina lake mwaka 2004. Mtengenezaji anaweka faili la sauti kwenye seva, mlisho unatangaza kuwa kuna kipindi kipya, na programu ya msikilizaji inakwenda kukichukua. Kinachokuja ni faili la kawaida, na gharama yake inapigika hesabu mapema: mazungumzo yaliyorekodiwa kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde yanachukua takriban MB 29 kwa saa nzima, na yakirekodiwa kwa kilobiti 128 yanachukua mara mbili yake. Tangu nielewe hesabu hiyo, nimeacha kusikiliza mazungumzo kupitia video, ambazo hula bando kwa ajili ya picha ya watu wawili waliokaa mezani.

Mipangilio yangu ni rahisi. Nimeiambia programu ipakue vipindi vipya pale tu simu inapokuwa kwenye Wi-Fi, ifute kipindi nikimaliza kukisikiliza, na isilimbikize vipindi vingi kuliko nafasi iliyopo kwenye simu. Asubuhi nikitoka Nyegezi kwenda mjini, foleni ya vipindi inakuwa imeshapangwa, nami nabonyeza mara moja tu. Nikienda Nansio, Ukerewe, faida inaonekana zaidi, kwa sababu chombo kikishaachana na nchi kavu mtandao hupotea na kurudi, lakini kipindi kinaendelea bila kukatika.

Safari hizo za majini ndizo zilizonionyesha ubora halisi wa rekodi. Ukiwa umekaa karibu na injini, unagundua haraka ni mtangazaji gani anaishusha sauti mwishoni mwa sentensi, kwa kuwa maneno yake mawili ya mwisho yanamezwa na mngurumo, na mara nyingi maneno hayo ndiyo yenye jibu. AntennaPod ina kipengele cha kuongeza au kupunguza sauti ya kila podikasti peke yake, hivyo kipindi kilichorekodiwa kwa sauti ya chini nakipandisha bila kuvigusa vingine. Kuna pia kipengele cha kuruka vipande vya ukimya na kingine cha kuongeza kasi. Kasi naitumia kwa habari tu. Mzee anaposimulia habari za ujana wake, kumharakisha ni kumvunjia heshima, na ukimya wake kabla ya kujibu ni sehemu ya jibu lenyewe.

Kuhusu vipindi vyenyewe, msikilizaji wa Kiswahili hakosi cha kusikiliza. RFI Kiswahili inatoa Siha Njema kuhusu afya na Gurudumu la Uchumi kuhusu uchumi, na vyote viwili navifuata kwa makini. Idhaa ya Kiswahili ya Umoja wa Mataifa nayo huweka vipindi vyake mtandaoni, na vilevile BBC na DW. Kazi ngumu ni kuvipata vipindi vidogo vya watu binafsi: ukiandika neno la Kiswahili kwenye sehemu ya kutafuta, unaweza kuletewa vipindi vilivyoachwa zamani vikichanganyika na vilivyo hai. Ushauri wangu ni kwamba ukipata kipindi kizuri, jiunge nacho papo hapo, na mara kwa mara uihamishe orodha yako yote kwenye faili la OPML na kulihifadhi mahali pengine. Google ilifunga huduma yake ya Google Podcasts mwaka 2024, na aliyekuwa na orodha yake kwenye faili kama hilo aliweza kuhamia programu nyingine bila kuanza upya.

Katika vyote ninavyosikiliza, kinachokosekana ni ziwa letu likizungumziwa na wanaoishi kwa hilo ziwa. Habari za ziwa hutufikia pale chombo kinapozama au bei ya sangara inapotikisika, kisha kimya kinarudi. Ndiyo maana nataka kuanzisha kipindi kifupi, cha dakika 20, kuhusu kazi za ufukweni: wavuvi wa dagaa, akina mama wanaoanika, mafundi wa mitumbwi, na wafanyabiashara wa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, wanaopeleka mzigo mikoani na nje ya nchi.

Ratiba yake nimeshaifikiria. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza, kwa sababu mwanga ndio unaowavuta kuja juu. Mbalamwezi ikiwaka, taa inakosa nguvu na wavuvi wanapumzika kwa siku kadhaa, wakishona nyavu na kutengeneza injini. Nataka vipindi vyangu vitoke katika siku hizo, pale mvuvi anapokuwa na muda wa kukaa na kusikiliza, badala ya kutoka kila Jumatatu kwa kufuata mazoea ya watu wa ofisini. Kipindi cha dakika 20 kwa kilobiti 64 kina uzito usiofika MB 10, kwa hiyo asiye na programu yoyote ya podikasti atatumiwa faili lile lile kwa WhatsApp, naye atamrushia mwenzake.

Vifaa havinitishi. Nitatumia simu, kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye shati chenye kifuniko cha sponji cha kuzuia upepo wa ziwani, na programu ya bure ya Audacity kwa kuhariri. Mahojiano ya ndani nitayafanya mbali na mvua, kwa kuwa mvua ya Mwanza ikishika bati hakuna sauti ya mtu itakayosikika. Kwa upande wa sheria, Tanzania ina Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni tangu mwaka 2018, ambazo zimefanyiwa marekebisho baadaye, na zinasimamiwa na TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kabla ya kuweka chochote hewani nitakwenda ofisini kwao kupata maelezo ya leseni kwa kipindi cha aina yangu.

Jambo moja nimeamua kulifanya tofauti na vipindi vingi ninavyovipenda. Wahariri wengi hukata salamu ili mazungumzo yaanzie kwenye hoja. Mimi nitaziacha. Nikimwendea mama anayeanika dagaa, nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba na kuniuliza habari za nyumbani, tayari msikilizaji ameshajua umri wetu, heshima iliyopo kati yetu na hali yake ya siku hiyo. Mzee akinipokea kwa Kisukuma, “mwangaluka”, nayo itabaki, na pale mazungumzo yatakapokolea kwa Kisukuma nitatafsiri kwa sauti yangu bila kuifuta yake.

Kipindi cha kwanza kitahusu uanikaji. Dagaa waliokaushwa juu ya chanja hawana mchanga na hupata bei nzuri kuliko wale waliotandazwa chini, lakini chanja inahitaji mbao, nyavu na nafasi, na si kila mama anayeanika anavimudu. Nataka wale waliofanikiwa kujenga chanja waeleze fedha walizipata wapi, na wale wanaoanika mchangani waeleze kinachowakwamisha. Anayefanya kazi hiyo, iwe Mwaloni, Igombe au Ukerewe, na yuko tayari kurekodiwa kwa ridhaa yake, kwa jina lake au bila jina, nitamfuata alipo na nitampa nakala ya rekodi aisikilize kabla haijatoka.