Sabufa ya Inchi Ngapi Inaifaa Sebule Yako?

Mnunuzi wa sabufa husomewa wati dukani, ilhali kinachoamua uzito wa besi ni kiasi cha hewa ambacho koni, yaani ile sehemu ya spika inayotetemeka, inaweza kusukuma. Sauti inaposhuka kwa oktava moja, yaani hezi zake (mitetemo kwa sekunde) zikipungua kwa nusu, hewa inayohitajika ili isipungue nguvu huongezeka mara nne. Kwa hiyo koni ya inchi 6 inayotosheleza kwenye hezi 80 italazimika kucheza mara nne ya hapo kwenye hezi 40, ambako ndiko unakokaribia kulia uzi mnene wa gitaa la besi, na nyingi huanza kukoroma kabla ya kufika. Koni ya inchi 12, yenye eneo mara nne, huimaliza kazi hiyo kwa mwendo uleule wa awali.

Hata hivyo, kwa sebule ya kawaida naiweka ya inchi 10 katika nafasi ya kwanza. Eneo lake linaizidi ya inchi 8 kwa zaidi ya nusu, na kasha lake bado huenea kando ya meza ya televisheni bila kuzua ugomvi nyumbani. Ya inchi 12 naipa nafasi ya pili kwa sababu inadai kasha kubwa. Ikibanwa katika kasha dogo, hewa ya ndani hugeuka springi inayoizuia koni, na besi ya chini kabisa ikafifia isipokuwa amplifaya iwe na nguvu nyingi. Sabufa nzuri ya inchi 8 huishinda iliyobanwa namna hiyo, na kwa chumba cha kupanga kinachochangia ukuta na jirani ningeipandisha hadi juu. Ya inchi 15 ibaki kumbini. Mkiani ipo ile ya inchi 5 inayokuja na seti, ambayo inatosha kwa taarifa ya habari.

Dukani, omba kitambaa cha mbele kiondolewe, kwa kuwa yapo makasha makubwa yanayoficha spika ndogo, na inchi zinazotangazwa kwa kawaida ni za fremu, si za koni. Wati za PMPO, ambazo ni za kilele cha mara moja na hutiwa chumvi, zipuuze; uliza za RMS, yaani nguvu inayoweza kutolewa mfululizo. Kisha uchezewe wimbo unaoufahamu, wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka: noti zote zikitoka kwa mngurumo mmoja, jaribu sabufa nyingine.