Nimeagiza Jay Dee orijino, nikapewa CD isiyo na jina la mtu

Bado nina hasira, mnivumilie. Jina la duka silitaji, ila machalii wa Chuga (Arusha) mnaochimba hip hop ya zamani mnalijua, haliko mbali na Soko Kuu. Niliagiza kwao Jay Deelicious, ule mkusanyiko wa kazi za mwanzo za J Dilla, yaani Jay Dee, prodyuza (mtengeneza biti) wa hip hop wa Marekani, uliotoka 2007, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki. Nilisema wazi kabisa: nataka CD orijino, na kasha lake na kijitabu chake. Nikalipa 40,000 kabla ya kuiona, nikasubiri wiki kadhaa.

Nikapewa CD ya kuchoma, imetiwa kwenye mfuko wa nailoni, juu imeandikwa kwa makapeni "HIP HOP MIX". Kwenye kompyuta inasoma Track 01, Track 02, hivyo hivyo mpaka mwisho.

Nilirudi. Yule kaka wa kaunta hakunyanyua hata macho kwenye simu yake. "Broo, si nyimbo ni zilezile? Majina ya nini sasa, unataka kuzisoma?" Wateja waliokuwepo wakacheka. Nilitetemeka.

Majina ndiyo niliyoyalipia! Rapa utamjua kwa sauti hata taa zikiwa zimezimwa. Prodyuza haongei. James Yancey, ndiye J Dilla huyo, alikuwa kijana wa Detroit mwenye miaka 21 tu kundi la rap la The Pharcyde lilipotoa albamu ya Labcabincalifornia mwaka 1995. Watu wakaruka na wimbo wa Runnin' uliomo humo, na wengi wao hawakujua ni nani aliyelichukua lile gitaa la Luiz Bonfá kwenye rekodi yake na Stan Getz akalipandisha juu ya ngoma nzito vile. Baadaye akawa kwenye The Ummah, kundi la maprodyuza, pamoja na Q-Tip na Ali Shaheed Muhammad, jina lake likafunikwa na la kundi. Mkusanyiko kama huu unatolewa ili mtu arudishiwe kazi yake, watu waseme hii ni ya fulani. Halafu duka la Arusha, mji unaojivunia hip hop kuliko kitu chochote, linamfuta tena!

Na ndivyo tunavyowafanyia wa kwetu. Muulize chalii yeyote wa Kijenge nani kachana kwenye ngoma fulani, atakutajia mpaka mtaa aliokulia. Muulize nani kapiga biti. Ukimtoa P-Funk Majani na wengine wachache, kimya.

Nilitaka niandike kwamba msihangaike nayo kabisa. Siwezi. Usiku ule niliisikiliza nikiwa nimenuna, natafuta pa kuichukia, gitaa lile likaanza kuzunguka, besi ikaingia chini yake, nikajikuta nimesimama. Huyu hata miaka 33 hakufikisha, na hizi ni kazi za ujana wake! Muziki ninaupa nyota zote, hata kwa nakala ile mbovu.

Hela sikurudishiwa. Dukani pale msiende. Au nendeni, kwa sababu vitu vya namna hii hapa mjini havipatikani kirahisi, lakini msitoe hata mia kabla hamjafungua kasha na kulisoma jina la prodyuza kwa macho yenu.